Kompyuta Aliyoiua Mdogo Wangu

Kompyuta iliyokufa ina harufu yake, na mimi kabla sijashika bisibisi huinusa kwanza. Mume wangu ananicheka kwa hilo kila siku ya Mungu. Acha acheke. Kapasita iliyovuja inanuka shombo, shombo kabisa ya samaki aliyesahauliwa kwenye gari mchana wa joto kali la Juni. Transfoma iliyoungua ina utamu fulani wa kuudhi unaokaa kooni. Mende waliofanya nyumba ndani ya mashine nao wana yao, na hiyo siielezi kwa sababu huenda unakula. Waliosema la kuvunda halina ubani walikuwa na mambo mengine akilini, lakini methali hiyo hunijia kila ninapoinua ganda la mashine ya zamani.

Haya nayafanya kwa raha zangu. Kazi ya mshahara ni ofisini, mambo ya mitandao ya simu, mahali ambapo kitu kikiharibika kinatupwa na kingine kinaagizwa, na hakuna anayejali kilikufa kwa maradhi gani. Mimi najali! Ndiyo maana hapa nyumbani Bawshar nimekiteka chumba cha kufulia kilichoko juu ya paa. Mashine ya kufulia imeshushwa chini, na chumba kimejaa kompyuta za nyumbani za miaka ya themanini, zile ambazo kibodi na kompyuta yenyewe ni kitu kimoja, unachomeka kwenye televisheni na maisha yanaanza. Zipo na monita za kioo kizito, za kubebwa na watu wawili. Wanangu wanakiita chumba hicho mochari. Mume wangu anasema alipoposa hakuambiwa kuhusu monita. Nami namjibu ukipenda boga, penda na ua lake.

Sijui nikuelezeje furaha ya kuwasha kitu ambacho dunia nzima imekwisha kukizika. Umekaa nacho wiki nzima, umebadilisha kipande hiki na kile, umekosea, umejilaumu, umerudia. Kisha unabonyeza swichi, kioo kinatoa mlio mwembamba ambao vijana wanausikia na wazee wengi hawausikii, na polepole, kutoka katikati, mwanga unafunguka. Mimi hupiga vigelegele. Jirani alidhani tuna harusi.

Nina kanuni moja tu. Nikimtengenezea mtu mashine yake, naijaribu mwenyewe mpaka niridhike, kisha naizima. Mwenyewe akija, ndiye anayewasha. Sigusi. Nimewaona wanaume wenye ndevu nyeupe, watu wa kuogopwa maofisini mwao, wakibonyeza swichi na kuruka kama wamepata goli.

Basi mwaka jana mama aliamua kutia friza la pili stoo kwa ajili ya Ramadhani. Anaishi si mbali nami, mitaa michache tu, kwenye nyumba aliyoijenga baba. Akanipigia simu.

"Njoo utoe takataka za babako, nnataka nafasi yangu."

Nikaenda nikitarajia viti vibovu. Nyuma ya magunia ya mchele, kwenye khanga kuukuu iliyofungwa mafundo manne, nikaikuta. Kompyuta yetu! Ile yenyewe, na monita yake imekaa pembeni na kofia ya vumbi. Nilikaa chini palepale kwenye sakafu ya stoo, nikaikumbatia, mama akasimama mlangoni na bakora yake akisema mwanamke mzima huyu, mwanamke mzima.

Lazima nieleze ilikuwa nini kwetu. Wazazi wetu walikuja nchi hii ya Kiarabu kutoka Unguja, na tulipokuwa wadogo tulikuwa tunazungumza Kiswahili nyumbani, Kiingereza tukikijua kidogo, na Kiarabu cha shule kikitutoa jasho. Baba akanunua kompyuta iliyoandika Kiarabu, herufi zikitembea kutoka kulia, ili tujifunze. Mtaani petu hakukuwa na nyingine. Siku ya pili sebule ilijaa. Majirani walikuja na watoto wao, wageni wa wageni wakaja, mama akapika kahawa mpaka dele likachoka, na sisi watoto tukawa tunatoza heshima kwa kila aliyetaka kubonyeza kitufe. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa bingwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kitu, yeye bado kabisa hajafika kumi, lakini vidole vyake vilikuwa vinaruka juu ya vitufe na mashine ilimtii.

Halafu mchana mmoja ikafa. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa mbele yake, na gilasi ya sharbati ilikuwa imelala upande juu ya meza. Kioo kilizimika, pua zetu zikapata moshi, na baba akatoka chumbani. Hakumpiga. Alimshika kiganja, akakigeuza juu na chini, akasema, "Mkono huu una nuksi."

Pengine baba alilisahau neno lake kabla ya magharibi. Sisi hatukulisahau. Watoto wana ukatili wao na watu wazima wanapenda mzaha, basi ndugu yangu akawa mwenye mkono wa nuksi. Gari la baba likigoma asubuhi, nani aligusa? Kiyoyozi kikivuja, nani alipita hapa? Mimi nikawa wakili wake. Niligombana na kila mtu, mpaka na shangazi zetu, na nilipokwenda kusomea umeme nikawa nagombana kwa hesabu na michoro. Haikusaidia. Mbaya zaidi, mwenyewe alikwisha kuamini. Ni mtu mzima sasa, ana biashara nzuri ya samaki Qurayyat, ana heshima zake, na balbu ikiungua nyumbani kwake mkewe ndiye anayepanda ngazi. Mtu akinunua gari jipya, yeye analisifu kwa mbali, mikono nyuma. Tukiwasha kitu chochote mara ya kwanza, anavaa makubadhi yake na kwenda zake nje barazani. "Mkiwasha mniite," anasema, anacheka, nasi tunacheka. Mimi cheko lile lilikuwa linanichoma.

Na mwaka huo mambo yalizidi. Binti yake wa kwanza alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Kwetu mtoto akizaliwa huchaguliwa mtu wa kumlainishia tende na kumgusisha mdomoni, iwe ndicho kitu cha kwanza anachoonja duniani, na huchaguliwa mtu mwenye mkono mwema. Binti alimtaka baba yake. Ndugu yangu akakataa. Akamwomba mkwe wa bintiye afanye yeye, akampa sababu za adabu, yule ni mkubwa kwa umri, ni mtu wa msikiti. Binti akanipigia simu analia. "Shangazi, baba hataki kumgusa mwanangu." Nilimpigia ndugu yangu nikafoka sana. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa upole, "Dada, kwani mtoto wa watu nimjaribie mkono huu?"

Mtoto wa watu! Mjukuu wake mwenyewe.

Kwa hiyo ile kompyuta nilipoipandisha juu ya paa haikuwa mchezo tena, ingawa, nikisema kweli, furaha ilikuwa ileile ya siku zote. Niliifuta. Nikaigeuza. Skrubu zilikuwa na kutu lakini zikakubali. Nilijua nitakachokikuta, nilikwisha kujiandaa: sharbati imeingia, imekula bodi, na baba alikuwa na haki yake. Nilitaka angalau niione kwa macho yangu. Nikainua ganda, nikainamisha pua.

Ilinuka mvuje.

Aliyelelewa na Wazanzibari hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: ni utomvu mkavu unaonuka kuvishinda vitunguu saumu vyote, unafungwa kwenye kitambaa cheusi na kuvalishwa mtoto mchanga ili majicho ya watu na mashetani wamkimbie. Nami nakwambia, wanayo sababu ya kukimbia. Harufu ilikuwa imepoa kwa miaka, lakini ilikuwa yenyewe. Nilidhani naota. Nikawasha taa ya mezani, nikachungulia kwenye kona ya nyuma, chini ya matundu ya kupitishia hewa, pale penye kipande kinachopokea umeme na kuupunguza ufae kwa mashine. Kifuko cheusi, kidogo, kimeshonwa kwa mkono. Kimetungwa kwenye pini, ile pini ya kufungia nepi za watoto. Pini ilikuwa imefunguka, na ncha yake imelala juu ya miguu miwili ya kile kipande, miguu ambayo haipaswi kukutana duniani wala akhera. Palipogusana palikuwa na masizi. Kipande chenyewe kilikuwa kimepasuka.

Nikaiendea sharbati. Ilikuwapo, sikatai, imeganda chini ya vitufe vya pembeni, rangi ya waridi mpaka leo. Lakini chini ya vitufe kuna karatasi ya plastiki, na juu ya plastiki hiyo ndipo safari yake ilipoishia. Upande wa pili palikuwa pakavu. Hakuna hata tone lililoteremka!

Niliruka. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akapanda ngazi mbiombio akidhani nimepigwa na umeme. "Si yeye!" nilimwambia. "Si yeye, si yeye, si yeye!" Akaniuliza si nani. Nilikuwa nimekwisha kumpita, kifuko nimekifunga kwenye karatasi laini, funguo za gari mkononi, naenda kwa mama kumpa habari njema.

Nilikuwa nimeegesha mbele ya geti lake ndipo nilipokitazama tena kile kifuko. Mishono midogo midogo, uzi mweusi, fundo la mwisho limerudiwa mara mbili. Nguo zangu zote za utotoni zilikuwa na fundo lile. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa garini na kiyoyozi kinavuma, furaha yangu yote imenishuka miguuni.

Nikaingia hata hivyo. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi lake anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona wahema?"

Nikakiweka kifuko juu ya sinia. Akakichukua, hakukitazama, akakinusa.

"Mvuje," akasema, na uso ukamng'aa. "Tena wa Unguja huu, si hizi takataka za skuizi. Umeupata wapi?"

"Ndani ya kompyuta ya baba."

"Eeh. Nlikitia mie."

Alivyosema, ungedhani nimemuuliza nani alitia chumvi kwenye mchuzi.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa nini! Hukuwapo weye? Nyumba haishi watu. Huyu angia, huyu atoka, macho yamewatoka, na mashallah haisemi hata mmoja. Nyie nyote mlivaa mvuje na mkakua. Nkaona nayo iwe na chake. Nkakitungika kwa pini pale kwenye matundu ya nyuma, kikateleza, kikangia ndani. Nkasema ndo kheri, hakitaonekana na mtu."

Nikamweleza. Nilijaribu kumweleza polepole, lakini mimi si mtu wa polepole. Nilimwambia pini ilikaa, ikafunguka, ikagusa, na siku ile ikaunguza. Nilimwambia sharbati haikufika popote. Mkono wake ukasimama ndani ya mchele.

"Haikufika?"

"Hata tone."

Kisha akaanza kuchambua tena, haraka zaidi.

"Sasa wataka nini? Nende nkamuombe radhi mwanangu niliyemzaa? Mzazi haombi radhi. Radhi yatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ndo tulivyofundwa."

"Sikusema radhi. Nimesema ajue. Mjukuu wake anazaliwa leo au kesho na yeye anaogopa kumgusa."

"Basi mwambie weye. Una mdomo."

"Mimi nimemwambia maisha yangu yote! Nikimwonyesha pini atasema nimeitia mwenyewe ili nimfurahishe. Kwako tu ndipo ataamini, mama."

"Hebu nipishe, nnataka kusali."

Adhana ya alasiri ilikuwa bado kabisa. Akaondoka na bakora yake, akafunga mlango wa chumba.

Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia mama, nikajikasirikia kwa kumkasirikia mama wa umri ule, na katika hasira hiyo nikaifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikwenda Hamriya, nikaingia duka moja baada ya jingine nikitafuta kile kipande kilichopasuka. Kila muuzaji alinionyesha chaja ya simu. Katika duka la mwisho, nyuma kabisa, kulikuwa na droo za zamani, na mwenye duka akaniambia nitafute mwenyewe kwa sababu yeye mgongo unamuuma. Nilipiga magoti kwenye sakafu yake na abaya yangu nyeusi mpaka ikawa ya kijivu. Nikakipata, kiko ndani ya mfuko wake wa zamani. Ilinibidi nijizuie nisimbusu yule mzee.

Kipande hicho kiliingia vizuri, na fyuzi mpya nikatia. Monita ndiyo iliyonitoa jasho. Kioo cha namna ile kinaweza kuweka umeme mkali ndani yake hata baada ya plagi kuchomolewa, basi kabla ya yote unachukua bisibisi ndefu iliyofungwa waya wa kwenda ardhini, mkono mmoja nyuma ya mgongo, unasema bismillahi, na unaisukuma chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa kioo. Wakati mwingine inalia tak! Yangu haikulia, moyo wangu ndio uliolia. Nikabadilisha kapasita zilizovimba, nikachoma upya viungo vilivyopasuka, nikasafisha vumbi lililokuwa limelala humo tangu sijavunja ungo.

Alhamisi alasiri nikawasha. Mlio mwembamba ule. Katikati pakaanza kung'aa, rangi ya samawati ikatanda kioo kizima, na maandishi ya Kiarabu yakajipanga kutoka kulia kama tulivyoyaacha. Sikupiga vigelegele safari hii. Nililia, nikajipangusa, nikaizima. Mwenye mashine alikuwa bado hajafika.

Ijumaa wote tunakula kwa mama. Asubuhi niliipeleka mapema, nikaiweka sebuleni, nikaijaribu mara nyingine, sawa, nikaifunika kwa khanga. Mama aliniangalia akiwa kochini. Baada ya sala ndugu yangu akaja na mkewe kutoka Qurayyat, amebeba nguru mzima kwenye sanduku la barafu, anacheka na kila mtu. Akambusu mama mkono na kipaji cha uso. Kisha akaiona khanga ile na umbo lililo chini yake. Cheko likakatika.

"Dada, hii ni nini?"

"Kula kwanza."

Alikula kidogo. Watu walipokwenda kunawa, mimi nikatangulia kuunganisha waya, na niliporudi kutoka kuita watu, yeye alikuwa tayari mlangoni, kubadhi moja mguuni.

"Mkiwasha mniite," akasema.

"Leo hakuna wa kukuita. Unawasha wewe."

"Wacha mzaha, dada."

"Kanuni ya fundi. Mwenye mashine anawasha."

"Mwenye mashine ni baba, Mungu amrehemu."

"Na baba hakuigusa hata siku moja! Wewe ndiye mwenyewe, na kila mtu humu anajua."

Mkewe akamsukuma begani kidogo. Watu walikuwa wameshakaa, wanangu wameinua simu zao warekodi. Nadhani aliona aibu kukataa mbele yao kuliko alivyoogopa. Akavua kubadhi. Akaja. Alifuta kidole kwenye kanzu yake ya dishdasha, akasema bismillahi kwa sauti ya chini, akabonyeza.

Hakuna.

Akasubiri. Akabonyeza tena. Hakuna mlio, hakuna taa, hakuna kitu. Asubuhi tu! Asubuhi tu nimeiwasha! Na mume wangu, ambaye nampenda lakini Mungu alimpa mdomo bila breki, akasema, "Wallahi mkono haujapoa!"

Watu wakacheka. Ndugu yangu naye akacheka. Aliuondoa mkono wake juu ya mashine taratibu, akauweka nyuma ya mgongo, akasema, "Niliwaambia mimi." Mkewe akawa anatazama zulia.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimtukane mume wangu kwa lugha tatu, bakora ikagonga sakafu.

"Mie nimeizima," akasema mama.

Tukageuka.

"Pale ukutani, swichi. Mlipokwenda kunawa. Umeme waliwa bure na hakuna aliyekaa."

Ndiyo tabia yake, hakuna soketi inayobaki imewashwa nyumbani kwake ikiwa mtu ametoka chumbani. Kicheko kikaanza tena, cha kupumua sasa, na mimi nikacheka kuliko wote. Lakini mama hakucheka. Bakora ikagonga tena.

"Na siku ile nliiua mie vilevile."

Wanangu wakashusha simu zao.

"Nliitia mvuje kwa ajili ya majicho. Mvuje una pini. Pini ikaunguza. Dada yako kanletea, nimeiona kwa macho yangu, na mshono ni wangu." Alikuwa anamtazama yeye tu, kama sisi wengine hatumo. "Sharbati yako haikufika popote. Babako kafa hajui. Na mie nlikuwa sijui. Sasa nnajua."

"Mama, haya mambo ya zamani..."

"Usinikatize. Mkono wako hauna kitu. Haukupata kuwa na kitu. Ulikuwa wangu huu." Akaunyanyua mkono wake, wenye mishipa na hina ya zamani kwenye kucha, akautazama, akaushusha mapajani. "Haya, nenda kawashe pale ukutani. Kahawa yapoa."

Sijawahi kumwona ndugu yangu akitembea vile. Ni hatua chache tu mpaka ukutani lakini alizichukua kama mtu aliyeamka kutoka kwenye homa. Akabonyeza swichi ya ukutani. Akarudi, akabonyeza ya mashine. Na mlio mwembamba ukaja! Katikati ya kioo pakang'aa, samawati ikatanda, herufi zikatoka kulia, na nyumba nzima ikalipuka. Mimi niliruka na abaya yangu, wanangu wakanirukia, mke wake akapiga vigelegele mpaka kikombe kikaanguka. Mume wangu alinyanyua mikono yote miwili kuomba msamaha na hakuna aliyemsikia.

Ndugu yangu alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya kibodi. Vidole vikaanza vyenyewe. Aliandika mistari miwili, mitatu, akabonyeza, na kioo kikajaa nyota zinazoanguka, zile zile alizokuwa akiwaonyesha majirani. Hakukosea hata herufi. Vitufe vilivyokuwa na sharbati vilinata kidogo, akavikandamiza kwa nguvu zaidi.

Kisha akainuka, akaenda kwa mama, akambusu kipaji, na mama akamsukuma kwa kiwiko akisema wacha, wacha, nnamwaga kahawa. Alitoka barazani bila makubadhi. Nikadhani analia, nikamfuata. Alikuwa amesimama juani, simu sikioni, anampigia binti yake.

"Hujambo mwanangu? Hapana, hakuna baya. Sikiliza. Ile tende ya mtoto. Mwambie mkweo Mungu amjaze kheri, lakini asisumbuke tena." Akasikiliza. Nilisikia sauti ya binti kutoka nilipokuwa nimesimama, sikujua analia au anacheka. "Mimi," akasema. "Ndiyo, mimi. Nitamtilia kwa mkono wangu."